Hakunipa Mkono Getini

Admin, ficha jina langu na la lodge. Na nyie wa "pole dada" piteni mbali, sijaja kuokota pole hapa. Mimi ni mwanamke, nina miaka 33, Mwiraqw wa kuzaliwa, nimeolewa na nina mtoto wa kiume wa wiki saba. Ni afisa rasilimali watu kwenye lodge moja hapa Karatu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Naajiri, naandika barua za onyo, nafukuza. Kwenye usaili waliniuliza kwa nini naipenda kazi hii, nikajibu "napenda watu". Mwongo mkubwa mimi. Nilikuwa napenda mafaili.

Kuna dada nitamwita Paulina, wa kijiji cha Qurus, alikuwa anafanya usafi wa vyumba. Miaka minne hajawahi hata kuchelewa. Msimu wa wageni umepamba moto, ghafla haonekani, simu haipatikani. Siku ya pili meneja akanivamia ofisini, "Huyo mtu wako yuko wapi? Wageni walalie mashuka ya jana?" Nikamwambia atulie, namshughulikia. Ndivyo tunavyosema sisi, kumshughulikia mtu.

Siku ya tatu mlinzi akaniita getini. Nikatoka na tumbo langu la miezi minane, nahema, nina hasira na dunia nzima. Nikamkuta mama mtu mzima, mama mkwe wa Paulina, kasimama ng'ambo ya barabara. Mlinzi alimwambia aje aandike jina kwenye kitabu cha wageni, akakataa hata kugusa kalamu. Nikamsogelea nimpe mkono, akarudi nyuma, mikono kaificha ndani ya shuka lake. Akaniambia kwa Kiiraqw, "Mwanangu, ishia hapo hapo. Mkwe wangu mimba imetoka. Tuko ndani, hatuchangamani na watu. Hata mimi sikupaswa kuja, ila nimeona atapoteza kazi. Mvumilieni, atarudi."

Kwa msiojua: kwetu mimba ikiharibika, yule mama na watu wa nyumba yake wanakaa kando kwa muda. Wazee wanaamini balaa lile linaweza kumfuata mwingine, hasa mjamzito. Siku hizi wengi wameacha, ila kuna familia zinashika mpaka leo. Na msinianzishie mjadala wa ushamba kwenye komenti, sitaki. Mimi nimelelewa humo. Nilielewa kila neno.

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwa Kiswahili, kile cha ofisini, kama vile Kiiraqw sikijui. "Mama, mimi nahitaji karatasi ya daktari. Bila karatasi huo ni utoro." Akanitazama. Akajaribu tena kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Karatasi hakuna. Mimba imetoka nyumbani, mtoto tumemzika nyumbani." Nikageuka nikaingia zangu ndani. Siku ya sita nikaandika barua ya kumwachisha kazi, nikasaini, nikaenda kunywa chai. Nikajiona mtaalamu kweli kweli.

Sasa Paulina amelalamika kwenye tume ya usuluhishi wa kazi, na shauri linasikilizwa Jumatatu. Mimi niko likizo ya uzazi, nimekaa kitandani nanyonyesha, mshahara unaingia kama kawaida, meneja akanipigia. "Bi dada, utasema sentensi moja tu, hukupata taarifa yoyote. Yule mlinzi ameshaacha kazi, na kitabu cha getini hakina jina la huyo bibi." Nikamwambia lakini alikuja, niliongea naye. Akacheka. "Alikuja wapi? Kama hajaandikwa, hajaja. Na ukiteleza, ujue barua yako nayo kuna mtu ataiandika." Mshenzi yule! Na kinachoniuma zaidi, hayo maneno ya "kama hajaandikwa, hajaja" nilimfundisha mimi. Nilikuwa nayarudia kila kikao kama sala.

Mume wangu naye, "Sema ulivyoambiwa, tuna mtoto." Na haki ya Mungu ningesema. Nilikuwa nimeshaamua.

Juzi nimetoka kliniki kumchanjisha mtoto, napita sokoni, mtu akanishika bega. Yule mama, anauza maharage. Nikajua leo natukanwa mbele za watu, na nilistahili. Hakunitukana. Alifunua kanga akamtazama mwanangu usoni, akasema kwa Kiiraqw, "Amefika salama. Siku ile nilivyoliona tumbo lako niliogopa sana. Nilirudi nyuma kwa ajili yake huyu." Halafu akanipa mkono. Huyu ndiye mama niliyemuona mshamba asiye na adabu, amekuja kuombea kazi ya mkwe wake na bado akanionea huruma mimi. Mimi niliyesomea watu chuoni miaka mitatu! Na mnajua nilivyomjibu? "Asante mama." Kwa Kiswahili tena. Nilijichukia mpaka nikakaa kwenye gunia la mtu.

Nyie mnaosomea kazi hii na kuona somo la kumwelewa mtu ni la kujazia ratiba, endeleeni kucheka. Sisi tulilicheka sana. Sheria nilizijua zote, na nilimfukuza mama aliyetoka kuzika.

Jumatatu saa tatu asubuhi nitakaa mbele ya Paulina na mkwe wake, mtoto nimempakata, maana bado mdogo siwezi kumwacha. Nikisema mama alikuja, kazi sina. Nikisema hakuja, nitakuwa nasema hivyo huku nimemshika huyu huyu ambaye yule mama alirudi nyuma kwa ajili yake. Nishaurini, nifanye nini? Na kama ni kunitukana, wenzangu wa huku nitukaneni kwa Kiiraqw. Safari hii sitajifanya sielewi.