Barafu Niliyompa Mkwe

Wale wamama wa bichi yetu ya samaki ninawakumbuka kwa majina, na majina ya waume zao, na kijiji kila mmoja alikotoka akija kuolewa. Sitayaandika hapa. Wawili kati yao hawanisalimii mpaka leo, na sioni kwa nini niwape heshima ya kuwataja.

Ilianza na vipimajoto. Kiwanda cha Kisumu kinachonunua mbuta wetu hapa Asembo Bay kilisema hakitaki tena samaki wa kupimwa baridi kwa mkono. Kila sanduku la barafu liwe na kidude chake kwenye kifuniko: chipu ndogo kama punje ya ndengu, imezibwa kwa gundi nyeusi, na waya unatoka nje mpaka kwenye taa. Taa ikiwa kijani, samaki wako ni baridi, sanduku linapanda lori. Ikiwa nyekundu, linabaki chini. Ukipata nyekundu siku tatu, nafasi yako kwenye lori anapewa mwingine. Na mimi nafasi hiyo nimekuwa nayo tangu lori lenyewe likiwa pikapu. Sina kazi nyingine, na kwa umri huu hakuna atakayenipa.

Fundi aliyeletwa kuvifunga alikuwa mume wa binti yangu. Ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, ana karakana yake ya simu na mitambo huko Kondele, Kisumu. Sikumpenda. Kwenye matanga ya shemeji yangu nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanaume wenzake, "Hao wamama wa bichi wanauza samaki kwa mdomo. Wafungie mashine ndio utajua nani amekuwa akiuza uozo." Nilikuwa nyuma ya hema nikiosha sahani. Alijua niko hapo.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawasemezani ovyo. Mimi kwake ni maro. Hanishiki mkono, hali chakula mbele yangu, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu. Ni heshima. Kwa watu wasiopendana ni nafuu pia.

Siku hiyo alikaa kwenye banda la mizani, ndoo tupu mbele yake, akimweleza mwenyekiti wa kikundi chetu, mama mmoja mwenye sauti kubwa. Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka hatua tatu. Alisema vidude hivyo vikitoka kiwandani vinafanana sura tu. Kimoja kinazidisha digrii moja, kingine kinapunguza mbili. Kwa hivyo lazima vilinganishwe. Unakitumbukiza kidude kwenye barafu inayoyeyuka, ambayo siku zote ni sifuri, halafu kwa kompyuta unakiambia, hapa ulipo ndipo sifuri. Kikishaijua sifuri, kwingine kote kinasema kweli.

"Na si ulisema unakuja na kile kipimajoto cha kioo cha kuhakikishia?" mwenyekiti akamuuliza.

"Kilivunjika njiani pale Kisian, pikipiki iliruka tuta. Si neno. Barafu haina uongo."

Vidude vingi alikuwa ameshavilinganisha kwake Kondele. Vilibaki sita. Akaangalia chini, akamwambia mwenyekiti, "Mwambie maro anisaidie na barafu." Mimi niko pale pale.

Nikachota barafu na maji yake kutoka chini kabisa ya sanduku langu, nikamjazia ndoo. Ile ya chini ndiyo ninayoitia chumvi. Marehemu mama mkwe wangu alinifundisha hivyo: ukiitia chumvi barafu inauma zaidi, mpaka vidole vinakufa ganzi, na samaki anafika Kisumu akiwa mgumu kama ubao. Mkwe wangu hakuuliza ina nini. Ningeweza kumtuma mwenyekiti amwambie. Sikuona chumvi yangu inamhusu nini, na nikisema kweli, sikutaka kumsaidia zaidi ya ile ndoo moja.

Kesho yake taa yangu ikawaka nyekundu.

"Weka mkono ndani," nikamwambia karani wa lori. "Ukihesabu kumi bila kuutoa, nitakubali ni moto."

"Mama, mimi nasoma taa. Mkono wangu kiwanda hakijauajiri."

Samaki wangu wakaenda kwa wakaangaji, wakanunuliwa kwa bei ya vichwa vitupu. Siku ya pili, nyekundu tena. Mkwe akaitwa kutoka Kisumu. Akafungua, akatazama kompyuta yake.

"Inasoma sita, na mwisho wa kijani ni nne. Mwambie mama aongeze barafu. Aache ubahili."

Mwenyekiti akanigeukia kana kwamba mimi ni kiziwi. "Anasema uache ubahili."

"Nimesikia."

"Ni umri," mmoja akasema nyuma yangu. "Vidole vimezeeka, havijui tena baridi."

Wakacheka. Waliocheka ni wale wa taa za kijani. Hapo ndipo nikaanza kuwatazama. Siku ile alipokuwa akitoa vidude kwenye ndoo, mkwe wangu alitaja jina la mwenye sanduku kila alipotoa kimoja, na mimi jina likiingia kichwani halitoki. Majina sita, langu likiwa la tatu. Nikazunguka bichi nikitazama vifuniko. Taa nyekundu zilikuwa sita, na wenyewe walikuwa hao hao.

Wote ni wa ndoo yangu. Na barafu yenye chumvi ni baridi kuliko barafu, hilo kila anayeshika samaki analijua. Alikiambia kidude hapa ndipo sifuri, na hapo palikuwa chini ya sifuri. Tangu hapo kila baridi kinaiona joto.

Siku ya tatu nikanunua barafu safi ya pakiti kwenye duka la soda, nikaimwaga kwenye ndoo na maji kidogo, nikaiweka miguuni pa mkwe wangu, aliyekuwa amerudi kuzitazama zile taa nyekundu.

"Bwana fundi, tia kidude changu humu."

Akageuza uso pembeni. "Mwenyekiti, mwambie mama..."

"Usimwambie kitu. Niambie mimi."

Akakitia. Tukangoja. "Inasoma nne," akasema, taratibu.

"Barafu haina uongo, ulisema. Sasa hiyo nne ni ya nani?" Nikachota maji ya chini ya sanduku langu kwa kikombe. "Onja."

Akaonja, akatema. "Chumvi."

"Hukuuliza."

Mmoja wa wale sita akanijia na kidole. "Kumbe ulijua. Siku mbili samaki wangu wanatupwa, na wewe ulijua."

"Nimejua jana."

"Ungesema siku ile."

"Angeuliza siku ile."

Mkwe akavilinganisha upya vyote sita, bila kuinua macho. Taa yangu ikawa kijani, na karani akapandisha sanduku langu kwenye lori. Mkwe akafunga begi lake akapanda pikipiki. Hakuniaga. Sikumuaga.

Jioni binti yangu akapiga simu.

"Mama, umemsemesha mume wangu mbele ya bichi nzima. Umemwonjesha maji ya samaki. Sasa atakanyaga vipi boma lako?"

"Asikanyage."

"Na mimi je?"

Nikamwambia sanduku langu limepanda lori. Akakata simu. Tangu siku hiyo anatuma salamu kupitia watu.