Saluti Ambayo Baba Hakunirudishia

Mimi sikumaliza darasa la sita, lakini leo nina malori matatu na mashine ya kusaga mahindi hapa Rongai, na sikushikwa mkono na mtu. Lori limewahi kupinduka nami likiwa na mbao za Elburgon, nikatoka dirishani nikapanguza suruali. Nasema hivyo mjue mimi si mtu wa kushtuka ovyo.

Baba alikuwa mkulima, na kabla ya hapo mwanajeshi. Alipigana kaskazini mwa Kenya, vita dhidi ya waasi wa shifta, akarudi bila kidole kimoja. Mahindi aliyapanda kwa kamba, mistari imenyooka kama gwaride. Sisi watoto wake hatukumwamkia kwa mkono. Tulimpigia saluti, naye akairudisha. Ukimkosea, hairudishi. Unaweza kupiga saluti hewani wiki nzima mpaka hasira iishe. Hata nilipoota mvi, nikipita shambani kwake lazima nipige honi, kisha saluti.

Jumapili moja nilimkosea. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba msimu ujao naleta trekta.

"Mzee, hiyo kamba imezeeka kukushinda."

"Na wewe ulikua ukila nini? Dizeli?"

Majirani wakacheka. Mimi sipendi kuchekwa. "Nilikula ulichopata," nikamwambia. "Watoto wangu wanakula wanachotaka."

Alikunja kamba yake, akaingia nyumbani.

Jumanne asubuhi nikapita nikienda Elburgon kuchukua mbao. Alikuwa ameketi kando ya shamba, ameegemea nguzo ya ua, jembe juu ya magoti, kofia imeshuka usoni. Nikapiga honi, nikapiga saluti. Kimya. Nikapiga honi tena, ile ndefu, ajue hata mimi nina kichwa kigumu. Hakuinua mkono.

"Basi kaa hapo," nikasema, nikakanyaga mafuta.

Niliporudi saa saba alikuwa pale pale. Kivuli kilikuwa kimemhama, jua lote liko juu yake, na hajasogea. Niliacha lori katikati ya barabara, injini inanguruma. Nilishika jembe nimwondolee, na mkono wake ukaja pamoja nalo, umekakamaa.

Daktari alisema ni moyo, na ni asubuhi. Saa ngapi hasa, hakuweza kusema. Jirani alikuwa amemsalimia saa moja. Mimi nilipita saa mbili kasoro. Nikajishikilia hapo: labda alikuwa mzima bado, amenuna tu.

Nilimzika vizuri. Hema kubwa, fahali wawili, watu wakala wakabakisha. Katikati ya shughuli mama akanivuta kando.

"Wewe ulipita asubuhi ile. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

Madalali wa mbao wananijua kwa mdomo. Siku hiyo nilisema hivi tu: "Alikuwa anapumzika, mama."

"Afadhali. Maana alitoka hapa akicheka. Alisema ukipita atakusimamisha akuulize hiyo trekta inakuja lini, achague pa kuanzia kulima."

Kwa hivyo hakuwa amenuna. Alikuwa amekufa, au alikuwa anakufa, nami nikampigia honi nikaenda zangu.

Mama alinishika bega, akarudi kwa wageni. Sijamwambia. Mtu aliniletea sahani ya nyama, nikasimama nayo mpaka mafuta yakaganda.