Karibu Uani, Mama Fulani

Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza nikiwa nimekaa dirishani. Lakini ingia kwenye tovuti yoyote iliyotengenezwa Masasi au Newala miaka ile minara ya simu ilipoanza kuota vilimani, pita mlango wa nyuma anaopita mwenye tovuti, utaukuta mkono wangu. Wasomi walikuja na vyeti vyao kutoka Dar wakanikuta nimeshamaliza kazi. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu ninachotaka kusimulia kinanivunja, na mimi sijui kusimulia nikiwa nimeinama.

Tovuti ina mbele na nyuma. Mbele anafika kila mtu: picha ya shule, vyumba vya gesti, tangazo la mkutano. Nyuma anaingia msimamizi kwa neno la siri. Huko anabadilisha tangazo, anaongeza mtu, anamwondoa mtu. Mafundi wenzangu kila wakipata kazi walikuwa wanaijenga hiyo nyuma upya kuanzia msingi. Mimi nikasema hapana. Nyuma za nyumba zote zinafanana. Nitaijenga moja, nzuri, kisha nitakuwa naibeba kutoka kazi moja kwenda nyingine kama seremala na boksi lake.

Jina alilitoa mke wangu. "Mbele ni barazani," alisema. "Huku ni uani. Kuna jiko, kuna kamba ya nguo, kuna ndoo. Mgeni hafiki." Tukaiita Uani.

Mke wangu ni mtu wa Kitangari, huko juu Newala, mtoto wa mwalimu wa kanisani, na alikuwa amefika kidato cha nne. Nilimpata nikiwa na stesheneri karibu na stendi ya Masasi. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mitumba. Ulikuwa wakati ambapo kila mtu ameruhusiwa kuuza chochote, na nguo kila mtu akawa anauza, lakini mashine ya kopi mtaa mzima nilikuwa nayo mimi. Alikuja kuchapisha barua ya kuomba kazi. Nikaisoma barua yake, nikamwambia kazi ameshaipata, akae.

Kompyuta ilipokuja niliinunua pamoja na kitabu chake, kinene, cha Kiingereza. Watu wanajua nilijifundisha mwenyewe, na ni kweli nilijifundisha. Yeye alikuwa anasoma ukurasa, ananieleza kwa Kiswahili, mimi natenda. Hilo la yeye kusoma huwa silitaji nikiulizwa.

Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Jina lake sitaliandika humu. Litakapohitajika nitasema Fulani, nawe msomaji weka hapo mtoto mwenye mwanya, anayepiga hesabu kwa vidole mpaka vya miguu, na asubuhi za baridi anakaa chini ya meza ya kompyuta pale mashine inapopuliza joto.

Kwetu mtu akishazaa, jina lake mwenyewe linakwenda kupumzika. Mimi nikawa Baba Fulani, yeye akawa Mama Fulani, sokoni, kanisani, hata chumbani.

Kazi ya kwanza ya Uani ilikuwa ya shule moja ya Newala. Mwalimu mkuu, mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi, alifungua orodha ya wazazi niliyomwingizia, akaguna.

"Huyu ni nani?"

Nikamtajia mtoto wa mzazi huyo.

"Aa, kumbe mama yake yule. Sasa si ungeandika hivyo? Hawa wote umeniletea majina ya ubatizo, fundi. Mimi nimewabatiza?"

Nikarudi nyumbani nikaivunja orodha, nikaijenga kwa desturi yetu. Unaandika mtoto kwanza. Mzazi unamtundika kwa mtoto, na jina lake linajitunga lenyewe: Mama, halafu jina la mtoto. Hakuna mahali pengine panapomshikilia. Akiingia kwa neno lake la siri, maandishi ya kijani yanampokea: Karibu Uani, Mama nani.

Mke wangu ndiye aliyekuwa anaijaribu kazi kabla haijatoka. Alikuwa na daftari la kuandikia kasoro zangu, na nilikuwa silipendi.

"Na asiye na mtoto?" aliuliza.

"Atazaa."

"Baba Fulani, nauliza kweli."

"Nami nakujibu kweli. Hii ni shule. Asiye na mtoto anafuata nini shuleni?"

"Haya. Na mtoto akiondoka?"

"Mtoto akiondoka, mzazi anamfuata. Abaki anafanya nini?"

Akacheka kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kwa shule nilikuwa sahihi. Mwanafunzi akihama, unamfuta yeye na mzazi wake anafutika hapo hapo, orodha inabaki safi. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya walimu wote. Kosa langu lilikuwa kuibeba.

Niliibeba kwenda kwa wakulima wa korosho wa Chiwata. Mwenyekiti wao alikuwa na jicho kali.

"Fundi, hii si ile ya shule? Umeipaka rangi tu."

"Mzee, mabaraza yanatofautiana. Uani kila nyumba ni jiko."

"Uani kwangu kuna na mbuzi. Mbuzi umemweka wapi?"

Wajumbe wakacheka mpaka kikao kikasimama. Lakini kazi ilipita, maana wakulima nao wote walikuwa Baba nani na Mama nani. Bibi mmoja wa Lisekese ambaye hakuzaa tulimtundika kwa mtoto wa dada yake. Akanyamaza, nami nikahesabu kwamba ametosheka. Nikaibeba tena kwenda gesti moja ya Masasi, zahanati moja, na kwaya ya kanisa letu.

Kote huko msimamizi mkuu alikuwa mke wangu. Wenye tovuti wakikwama walimpigia simu yeye, anaingia, anawarekebishia. Kwa hiyo tovuti zote zilikuwa na mtoto wetu ndani yake, hata ya gesti, ili mama yake apate pa kutundikwa. Fulani mwenyewe alijua. Aliwaambia wenzake shuleni kwamba yeye ni mkulima wa korosho, na muuguzi, na kwenye kwaya anaimba sauti ya pili.

Halafu nikabuni kitu ambacho mpaka leo najivunia, kitufe cha Sambaza. Badiliko unalifanya mahali pamoja, unabonyeza, linafika kwenye Uani zote. Fundi mmoja alitoka Mtwara kuja kukiangalia. Aliondoka kimya.

Mtoto wetu alishikwa na homa siku ya Jumatatu. Alhamisi tulikuwa kwenye barabara ya vumbi ya kupanda Newala, yeye amelazwa nyuma ya gari, na mama yake amekishika kichwa chake kisigonge chuma, kama vile bado kinaweza kuuma.

Tulimzika Kitangari, kwa watu wa mama yake, maana kwa Wamakonde mtoto ni wa huko. Watu walikuja wengi. Walikuwa wananishika mkono vizuri, wakifika kwa mke wangu wanakwama. "Pole sana, Mama..." halafu wanameza. Wengine walimaliza jina, kisha wakaziba mdomo. Wanawake wa kwao walimwita kitu kingine, kwa sauti ya chini, kwa Kimakonde. Sikujali kusikiliza.

Baada ya arobaini tukarudi Masasi. Asubuhi ya kwanza akasema anataka kwenda dukani, kwamba akikaa bure haoni pa kuiweka mikono yake. Nikafungua duka, akawasha kompyuta, akaingia.

Karibu Uani, Mama Fulani. Kijani.

Hakulia. Aliondoa mkono kwenye kipanya. Kisha akasema, "Baba Fulani, niondolee hili neno. Si lazima leo. Ukipata nafasi."

Ningesubiri hiyo nafasi. Lakini nilikuwa na siku arobaini sijui nimfanyie nini mke wangu. Nimeleta uji, hanywi. Nimemsemesha, ananitazama begani. Sasa ameomba kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote katika wilaya mbili. Nikavuta kiti. "Dakika moja," nikamwambia. "Utaona."

Njia halali ilikuwa kufungua ukurasa wa salamu na kuondoa mstari mmoja, kisha kwenda kwenye tovuti ya pili, ya tatu, mpaka zote ziishe. Nilitaka aone wepesi. Nikafikiri, jina likiondoka, salamu itabaki Karibu Uani, basi. Nikaenda mahali alipoandikwa mtoto wetu, nikabonyeza Futa. Mashine ikauliza: Una uhakika? Swali hilo nililiandika mwenyewe, kwa ajili ya watu wazembe. Nikabonyeza Ndiyo. Halafu, ili amalize kuteseka kwa mara moja, nikabonyeza Sambaza.

Ukurasa ukatutoa nje. Tukajikuta mlangoni, pale pa kuandika neno la siri. Mke wangu akaandika lake. Mashine ikajibu: Mtumiaji huyu hayupo.

Akaandika tena, taratibu, herufi moja moja. Hayupo. Akafungua ya zahanati, hayupo. Ya gesti. Ya kwaya, ambako alikuwa anaimba tangu hajaolewa. Hayupo.

"Nimefutwa?" aliuliza.

"Si wewe. Ni mtoto, halafu sasa..."

"Nilikuuliza," alisema. "Ukasema mzazi anamfuata."

Kama ningenyamaza hapo, labda leo ningekuwa naandika kitu kingine. Lakini mimi ni mtu wa kurekebisha. Nikamwambia nitamwandika upya sasa hivi, hata chai haitapoa. Nikaingia kwa neno langu la fundi, nikafungua fomu mpya. Nikajaza namba ya simu yake, nikajaza kazi yake, nikabonyeza Hifadhi. Maandishi mekundu yakatokea: Jaza jina la mtoto.

Nikabonyeza tena. Jaza jina la mtoto.

Nilikuwa nimeifunga sehemu hiyo kwa kila namna, kwa sababu watu walikuwa wanaiacha wazi. Basi nikafanya wanachofanya watu wote fomu ikiwabana. Nikaweka nukta. Ikakubali. Nikamgeuzia kioo aone kwamba amerudi.

Karibu Uani, Mama .

Nje mtu alikuwa anagonga kaunta anataka kopi ya cheti, hakuna aliyemjibu.

"Ndiyo mimi hiyo?" alisema.

Akachukua kanga yake na daftari lake la kasoro. Kesho yake asubuhi akapanda gari la Newala. Nilimbebea begi mpaka stendi, nikimweleza njia nzima jinsi nitakavyoitengeneza.

Na niliitengeneza. Sijawahi kufanya kazi vile, wala sijaona aliyefanya. Miezi mitano niliivunja Uani mpaka chini. Nikamtoa mzazi kwa mtoto, nikampa mahali pake pa kusimama, na sehemu ya kwanza kabisa ya fomu ikawa Jina lako mwenyewe. Bibi wa Lisekese nilimfuata kwake na pikipiki nikamuuliza jina lake. Alicheka, akasema hajaulizwa tangu bwana wake afariki.

Nikapakia kompyuta ndogo, nikaenda Kitangari. Mjomba wake alinipokea, kwa sababu huko mjomba ndiye wa kuzungumza naye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Umekuja na mashine?"

"Nimekuja nayo."

"Haya. Kaa. Wamekwenda kuteka maji."

Wakati nimekaa nikasikia wanawake wanapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, wanaitana. Mmoja akaita jina. Mke wangu akaitika, "Bee," kwa sauti nyepesi, ya mtu ambaye hajabeba kitu. Jina hilo nilikuwa nalijua, padri alilitaja siku ya ndoa yetu. Mdomoni mwangu halikuwahi kupita tangu mtoto azaliwe.

Tulikaa uani, uani wa kweli, kwenye mafiga na maganda ya mihogo. Nikaweka mashine juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikamwonyesha kila kitu. Mwisho nikamwonyesha yeye mwenyewe: Karibu Uani, na jina lake lile. Akalisoma. Nikaona mdomo unataka kulainika.

"Umeijenga vizuri," alisema.

"Rudi basi nyumbani."

Akasogeza kidole kwenye orodha, akashuka nayo mpaka chini, akapanda tena.

"Na yeye yuko wapi?"

"Nani?"

"Ulimfuta kote?"

"Kote."

"Basi hapa umeniandika kama mtu ambaye hakuzaa."

Akainuka, akaenda kuwasha moto. Mjomba akanisindikiza mpaka njia kuu, akanipa mkono, akarudi.

Niliporudi Masasi nilipekua sidii zangu zote za zamani nilizohifadhia kazi. Kwenye moja ya mwanzo kabisa, ya ile shule ya Newala, iliyokwaruzika, nikampata: jina lake, na tarehe ya kuzaliwa aliyoichapa mama yake. Nikamrudisha kwenye Uani zote, moja moja, kwa mkono, bila Sambaza. Pembeni ya jina lake hakuna kitufe cha Futa, nilikiondoa. Mama yake amesimama kwa jina lake, na chini yake pameandikwa ni mama wa nani. Nikamtumia neno la siri kwa ujumbe wa simu. Nikamwandikia kwamba wote wawili wamo.

Kwenye kila orodha ya watumiaji kuna safu moja inayoonyesha mtu aliingia lini mara ya mwisho. Kila nikifungua duka naianzia hiyo kabla ya barua na kabla ya wateja. Mwenyekiti wa Chiwata, jana. Mwalimu mkuu, juzi. Mbele ya jina la mke wangu panasomeka Bado. Neno hilo nililichagua mimi siku ile ya kwanza, nikiwa na haraka. Neno Hajawahi lilikuwa refu, halikuenea kwenye kisanduku.