Nukta Tatu Chini ya Bawa

Kazini walimwita Jicho. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kutambua vipepeo katika msitu mdogo ulio nyuma ya kiwanda cha matofali. Humo waliishi wa aina mbili, weusi wenye baka la rangi ya chungwa, wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Ukitaka kuwatofautisha, sharti uone chini ya bawa la nyuma: mmoja ana nukta mbili nyeupe, mwingine tatu. Wa nukta tatu ni adimu, na ni kwa ajili yake tu msitu ule ulikuwa haujafyekwa.

Sasa kiwanda kilitaka kupanuka.

"Mzee, niletee wa nukta tatu leo," msimamizi wake alimwambia. "Nikikosa cha kuwaonyesha, kesho wanaingiza mashine."

Kumbe Jicho alikuwa na mtoto wa jicho, tena kote kuwili. Alificha. Muda wote huo alikuwa akiwatambua kwa mruko tu: wa nukta tatu hupepea chinichini kivivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye siku yake ilikuwa imefika. Ikabidi amwombe mkewe wafuatane.

"Jicho limezaa mtoto, halafu mimi mkeo unanificha?" mkewe alisema njiani, akicheka bila furaha.

Walizunguka mpaka jua likaanza kuinama. Ndipo akaona kivuli kinapepea chini, kivivu. Akatupa wavu, akanasa. Alimtoa akambana mabawa kwa vidole viwili, na kwa kuogopa asimponyoke, akabana sana. Akamsogeza machoni. Ukungu mtupu.

"Mama watoto, hebu tazama. Hapa chini, karibu na tumbo. Nukta ngapi?"

Mkewe alitazama sana. "Sioni hata moja."

"Upande wa pili je?"

"Nako hakuna. Pamekwanguka."

Rangi ya kipepeo ni vumbi tu, ukisugua inatoka. Vijana wangapi Jicho alikuwa amewafokea kwa kosa hilohilo? Walikaa wakangoja mwingine. Hakuja. Upande wa kiwandani zilisikika mashine zikishushwa.

Jicho akanyoosha kidole gumba. "Basi tazama hapa."

Mkewe alikishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga uliobaki.

"Kuna weupe," alisema. "Lakini ni weupe tu, baba watoto. Hauhesabiki."