Mshipi wa Kalekye

Wifi yangu Kalekye hukaanga samaki sokoni Kyuso, na kwa muda mrefu hakuna samaki aliyefika kwenye karai lake bila kupitia kwa Mzee Mbuvi. Mbuvi ni mwenyekiti wa kamati ya silanga letu. Silanga ni bwawa la udongo tulilochimba wenyewe, wanaume kwa wanawake, na ndani yake mna kapu, samaki mnene wa magamba mapana na vindevu mdomoni, anayetafuta chakula chini kwenye matope. Anayeamua nani avue ni Mbuvi, na wakishavua anayepanga bei ni Mbuvi. Msimu ambao ndengu zilikauka shambani, bei ikapanda. Kalekye alinunua, akakaanga, akauza, na jioni hakubaki na kitu ila harufu ya mafuta kwenye nguo.

"Nitavua mwenyewe," akaniambia. "Ama nivue, ama nifunge hiyo meza."

Sasa lazima nieleze habari ya mshipi, na kila nikieleza hasira hunipanda upya. Siku moja ng'ombe alikuja kunywa maji akachomwa ulimi na ndoano iliyobaki kwenye kamba iliyokatika. Afisa wa samaki akaja, akaongea na kamati, akaenda zake. Kamati ikaandika sheria kwa rangi kwenye ubao pale ukingoni: HAKUNA KUVUA BILA FIMBO IMARA NA MSHIPI. Sisi wa Kyuso hatukuzaliwa kwenye uvuvi. Babu yangu alikufa hajaonja samaki. Maneno ya kazi hiyo tuliletewa kama tulivyoletewa samaki wenyewe, na mshipi kwetu ni ule wa suruali.

Basi wanaume wakawa wanakuja silangani wamejifunga mishipi kama watu wanaokwenda harusini, na Mbuvi anawakagua viuno. Kilonzo, fundi wa baiskeli, alirudishwa nyumbani kwa sababu suruali yake ilishikwa na kamba ya katani. Maskini, akaenda kuazima. Hakuna aliyeuliza suruali na samaki wanahusiana vipi. Wengine hata walikuwa na maelezo: ati mshipi ni wa kukushika ukiteleza majini.

Kalekye alipokwenda na ufito wake, Mbuvi alimtazama gauni kutoka juu hadi chini.

"Mama Yvonne, wewe mshipi utafunga wapi?"

Wanaume wakacheka. Kesho yake Kalekye akarudi amejifunga mshipi wa mumewe, kaka yangu Muindi, juu ya gauni. Mbuvi akasema huo ni wa mwanaume, hauwezi kuhesabiwa, na tena hiyo fimbo yake ni ya kuchunga mbuzi.

"Leta fimbo ya duka, tena imara," akasema. "Ukiipata, tutaongea."

Alisema hivyo kwa sababu alijua msimu ulivyokuwa. Lakini Kalekye ni mtu ambaye ukimfungia mlango anakaa hapo hapo nje akikutazama dirishani. Aliuza mbuzi jike, nami nikamsindikiza mjini Mwingi.

Tuliingia dukani kwa Khalid, ambaye watu wake walitoka pwani tangu enzi ya babu yake. Anauza misumari, rangi, mabomba, na nyuma ya mlango ana vifaa vya wanaokwenda kuvua mto Tana. Alitukaribisha vizuri, akatoa fimbo tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, imechorwa samaki anaruka.

"Hii ndiyo nzuri, mama. Ukiishika, kila mtu atajua umeshika fimbo."

"Mimi sitafuti kujulikana," Kalekye akasema. "Hii inavua wapi?"

"Baharini."

"Sisi huko kwetu bahari bado haijafika."

Ya pili ilikuwa ya kuvutwa kama antena ya redio, na bei yake ilikuwa nafuu sana. Nilitaka aichukue twende zetu. Kalekye akaitikisa karibu na sikio. Ilipiga kelele kwenye kila kiungo, akairudisha. Ya tatu ilikuwa ya vipande viwili, rangi ya kahawia, na panya walikuwa wameonja mshikio wake. Khalid aliitoa kwa aibu kidogo.

Hiyo ndiyo aliyokaa nayo. Aliiunganisha, akafunga jicho moja na kuitazama kwa urefu, vile tunavyotazama mpini wa jembe kabla ya kununua. Akang'oa uzi kwenye leso yake, akaupitisha kwenye kila kipete cha fimbo akiuvuta taratibu, kuona kama kuna mahali unakwaruzwa. Halafu akaomba pakiti ya misumari, akaining'iniza kwenye ncha na kuiinua. Fimbo ikapinda polepole mpaka katikati, ikanyooka polepole.

"Kapu hakimbii kama umeme," akaniambia. "Anavuta kama ng'ombe aliyekataa zizi. Fimbo ngumu itamrarua mdomo. Hii itamchosha."

Khalid akakubali. Akampunguzia kwa ajili ya panya, kisha akasema, "Umefanya vizuri. Pesa uliyookoa kwenye fimbo, iweke kwenye mshipi. Unataka mshipi wa nguvu gani?"

Kalekye akainua sweta. "Mshipi niko nao."

Khalid alitazama ule mshipi wa Muindi. Alijaribu kujizuia, nampa hiyo heshima, lakini alishindwa, akacheka mpaka akaegemea debe la rangi. Alipopata pumzi alichukua kibiringo cha uzi mwembamba kwenye rafu, akakiweka mezani.

"Mshipi ndio huu, dada yangu. Uzi wa kuvulia. Kwetu ndiyo jina lake tangu zamani. Huo wako ni wa suruali tu."

Mimi nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka viuno vyote vile vilivyokaguliwa, na kicheko kikanikauka. Kalekye hakucheka hata kidogo. Alichagua uzi mzito kuliko wote ambao pesa yake ilifikia, akamwambia Khalid aufunge vizuri.

Siku iliyofuata alishuka silangani na fimbo begani, na mahindi ya kuchemsha kwenye kikopo. Wanaume walikuwepo, wamejifunga. Mbuvi akainuka.

"Fimbo naona," akasema. "Lakini mshipi?"

Kalekye akavuta uzi kutoka kwenye fimbo, akamwonyesha. "Huu. Mshipi wa kuvua ni uzi, Mzee. Uulize Mwingi, uulize hata huyo afisa. Sheria yako nimeitimiza yote."

Mbuvi aliutazama uzi, akatazama ubao, na nafikiri alisema kabla ya kufikiri.

"Hiyo maana niliambiwa kitambo," akasema. "Lakini hiyo si—"

Lakini ilikuwa imeshatoka. Kilonzo akaweka fimbo yake chini.

"Uliambiwa?" akauliza. "Na mimi nikaenda kuazima mshipi kwa shemeji yangu?"

Mwanaume mmoja akaanza kufungua mshipi wake, kisha akakumbuka suruali, akaacha. Ningekuwa mimi ningeimba. Kalekye alikuwa anatunga punje za mahindi kwenye ndoano, moja baada ya nyingine.

"Sasa sema sababu yenyewe," akamwambia Mbuvi. "Mshipi niko nao. Fimbo niko nayo. Hili silanga nilichimba nikiwa na mimba ya Yvonne, na wewe ulikuwepo. Sema mbele ya hawa watu kwa nini mimi nisivue."

Mbuvi akafungua mdomo. Aliwatazama wanaume, nao wakatazama maji. Nilisubiri aseme, kwa kweli nilitaka aseme, tusikie sote.

Kalekye akarusha. Uzi ulikwenda mbali, ukalala juu ya maji, ukazama. Akaketi kwenye jiwe, fimbo magotini.

"Songa kidogo, Mzee Mbuvi," akasema bila kugeuka. "Kivuli chako kinafukuza samaki."

Akasonga.