Nilipangusa picha ya baba wa madam kwa kitambaa chenye maji

Wakuu, salamu kutoka Jeddah. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi. Shule niliishia la nane, mnivumilie.

Mama alifariki nikiwa Riyadh. Madam akaahidi tukishahamia Jeddah, mumewe, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini wa kazi, atasaini karatasi ya ruhusa niende nyumbani nikazike. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Sasa, kulikuwa na picha ya marehemu baba yake madam. Ziwa na milima ya Uingereza, imechorwa kwa rangi za maji zaidi ya miaka mia iliyopita. Mzee aliinunua akisoma huko. Niliipakia mimi.

Kufungua katoni Jeddah, kioo kimevunjika, vumbi limeingia.

Mliofanya kazi Riyadh mnajua. Ukiona vumbi, mkono unachukua kitambaa chenye maji wenyewe. Nikapangusa kona ya juu.

Bluu ya anga ikabaki kwenye kitambaa.

Kuangalia chini, ziwa nalo limejaa mikwaruzo myeupe. Nikajua ni vipande vya kioo vimeikwaruza.

Madam akaingia, akaona mikwaruzo. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha.

"Safari mafi," akasema, yaani hakuna safari. "Halas." Basi, imeisha.

Tukaipeleka kwa fundi wa fremu, bwana wa asili ya Unguja aliyezaliwa hapahapa. Akaikagua kwa lenzi, akatabasamu. Akamweleza madam kwa Kiarabu, kisha mimi kwa Kiswahili: wachoraji wa Kiingereza wa enzi zile walikuwa wakikwangua karatasi kwa kisu, weupe wake uwe mng'ao wa maji. Mikwaruzo ni ya mchoraji mwenyewe.

Madam akashusha pumzi. Akanishika bega.

Fundi akaigusa ile kona, akaniambia polepole, kwa Kiswahili, madam asielewe: "Na hii, dada'angu? Nikisema ni uzee, ataamini."

Wakuu, nilimwona mama kwenye jeneza, na mimi sipo.

"Madam," nikasema, "hii kona ni mimi. Kwa maji."

Njia nzima hakunisemesha. Siku mbili nilipika na kufua nikisubiri. Sikulala.

Alhamisi akaniwekea pasipoti na tiketi mezani jikoni, akatoka.

Jumamosi nilimtupia mama udongo kwa mkono uleule.

Nimesharudi. Picha iko ukutani, kona haijarekebishwa. Kioo kipya nakipangusa kwa kitambaa kikavu.

Sisemi ukweli hulipa kila mara. Ningeweza kukosa mazishi. Nilichojifunza ni kwamba sikuweza kwenda kumzika na uongo mdomoni.

Ninyi mngemwachia fundi aseme ni uzee? Niambieni bila kunionea haya, nasoma zote.