Mashini Iliyosoma Miguu Juu

Shule niliacha mapema, lakini ukinipa mashini ya zamani ya kucheza video, ile ya kijivu ya diski, naweza kufumba macho nikakuambia ni toleo la ngapi. La kwanza ni zito, na mgongoni lina matundu mengi: la manjano, jeupe, jekundu. Matoleo yaliyofuata walipunguza matundu. La mwisho ni jepesi, mgongoni tundu moja pana tu. Ila jicho lake la kusomea diski ni zima, maana walilisogeza mbali na joto la umeme. Jicho la toleo la kwanza huchoka, mpaka uigeuze mashini miguu juu ndipo isome diski.

Nilikuwa na ndoto (bado ninayo, msinicheke) ya kuyapanga matoleo yote kwenye ubao mmoja kwetu, mtaa wa Kenya (si nchi ile), watu waje kutazama. Nilikosa la kwanza tu.

Nikaliona mtaa mwingine wa mji wetu, Hewa Bora, kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa asili ya Maniema, siku niliyompelekea suruali ya kupunguza. Mashini ilikuwa mezani, miguu juu, juu ya kipande cha kitambaa. Mabinti zake waliiacha walipoolewa. Televisheni hakuwa nayo. Vibonyezo alivikariri kwa vidole, na sauti ilipita kwenye waya mwekundu na mweupe mpaka kwenye ampli yake kuukuu ya kukuzia sauti. Diski ilikuwa moja tu: kaswida za akina mama wa mtaa wao, na marehemu mke wake alikuwa mmoja wao.

"Sikia ile sauti inachelewa," aliniambia, pini mdomoni. "Ile njo bibi yangu. Alikuwa anachelewa fasi yote, kila kwenye tunaenda. Hata ku mariage yetu, siku ya ndoa!"

Tulicheka. Huku nacheka, macho yangu yalikuwa yanahesabu matundu.

"Papa," nikasema, "mashini ya kusoma miguu juu iko mugonjwa. Itakufa sasa hivi. Mi niko na ingine, ya mwisho, jicho yake iko nguvu. Tubadilishane?"

"We njo unajua hizi bintu, mwana. Na waya yangu itaingia?"

Hapo ndipo nilipoteleza. Nilijua hauingii. Nilijua pia kwamba waya wa lile tundu pana haupatikani. Mimi mwenyewe niliutafuta soko zima nikachoka, nikabaki na ule wa kwenye tundu la antena ya televisheni, usiofaa kwa ampli.

"Waya iko mingi ku soko, Papa. Hakuna shida."

Akanishukuru, na jioni ile ile nikamletea yangu, nikaibeba yake. Hela ya suruali akakataa kuipokea.

Niliporudi kuichukua suruali, juma lililofuata, nilisikia cherehani peke yake. Mashini yangu ilikuwa juu ya kile kitambaa, imesimama vizuri kwa miguu yake, na pembeni ule waya mwekundu na mweupe, umekunjwa kama shanga za mtu aliyefariki.

"Nimeenda ku soko mara tatu," alisema. "Bale batoto ba pale bananicheka: 'Eh, muzee, unataka kucheza jeux ya batoto?'" Akacheka yeye pia, kidogo. "Pengine sikubaelezea muzuri. Kosa ni yangu."

Nilichukua suruali nikatoka bila hata kuijaribu.

Kesho yake asubuhi nilimrudishia mashini yake. Njiani nilipanga maneno: Papa, nilikudanganya. Nilipoingia kulikuwa na mama mmoja anapimwa kiuno, na mzee akapiga makofi kabla sijafungua mdomo.

"Umeitengeneza!"

"Ndiyo, Papa. Nimeitengeneza."

Sikuwa nimegusa hata skrubu moja. Naye, kwa mazoea tu, hakuijaribu kwanza ikiwa imesimama. Aliigeuza miguu juu, akachomeka waya, akabonyeza. Ikasoma.

"Mama, unaona huyu mutoto?" akamwambia yule mteja. "Fundi wa kweli. Na roho muzuri."

Kisha akanishika mkono nisiondoke. "Ngojea. Iko inakuja."

Tulingoja wote watatu. Akina mama waliimba, halafu ile sauti, nyuma yao kidogo. Mzee alinitazama usoni aone kama nimeisikia. Nikainama, nikajifanya nanyoosha waya.

Sasa watu wa Hewa Bora wananiletea redio zao, wakisema Papa amewatuma. Ninazitengeneza kwa uangalifu kuliko zingine zote. Na kwake sijarudi, ingawa nina suruali nyingine ndefu, naikunja tu.